Mfuniko Wenye Rangi ya Kucha

Handeni

Mama yangu,

Shikamoo. Mwangaluka, mama. Magoti yako yanasemaje huko Sikonge sasa mawingu yameanza kukusanyika? Na yule mbuzi mwekundu anayekula kanga zako kwenye kamba, bado yu hai au mmeshamtia chumvi? Sisi huku tunapumua. Wajukuu zako wanakua na viatu vinawakataa. Mimi afya ninayo, na leo nina furaha moja mbaya ambayo sikuweza kuiweka kwenye simu. Kwenye simu ungenikatiza na ile "samehe, mwanangu" yako, na habari hii nataka niimalize bila kukatizwa.

Wewe Mwashi, mdogo wangu, unayemsomea Mama barua hii, soma yote. Nakujua kwa kuruka. Palipo na matusi, soma na matusi yake, maana ndiyo yaliyoniponya.

Mama, unakumbuka siku ya arobaini ya Ramadhani wangu. Ulikaa nami mkekani huku wazee wa Kizigua wakizungumza. Baba Mkubwa Athumani, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wao, alisema mbele yako: "Pikapu abaki nayo mjane, alishe watoto wa ndugu yetu. Lakini siku ikifa, ikishindwa kutembea, basi ni chuma cha ukoo. Tutaiuza tugawane." Ulinifinya paja ninyamaze, nikanyamaza. Lakini nilikuwa namtazama Sefu, mdogo wake marehemu, na nilimwona akiitazama ile pikapu pale nje kwa jicho la fisi.

Huyo Sefu unamjua. Anaendesha kile kigari chake cha abiria hapa mjini, na kwa kuwa ana spana kwenye buti anajiita fundi. Ramadhani alipokuwa hai, kila asubuhi Sefu alikuja kunipa shikamoo, kwa kuwa mimi ni mke wa kaka yake. Tulipoanua matanga, ile shikamoo ikakauka. Nikawa naitwa "mambo vipi, shemeji" kama wale wasichana wa kibanda cha chipsi. Nikajiambia ni uchungu wa msiba, atarudi kwenye adabu. Uchungu gani! Mtu alikuwa anasubiri gari life.

Unajua kazi yangu. Nachukua mahindi ya watu Handeni nayashusha Korogwe, narudi na ndizi na mboga za wakulima wa Mpale wanaoteremka mlimani. Pikapu ile haikuwa na matata hata siku moja. Basi ghafla ikaanza kuchemsha. Naondoka nyumbani rejeta imejaa hadi shingoni, sijafika nusu ya njia mshale wa joto umepanda juu kabisa. Nasimama, nasubiri ipoe, nafungua, maji hakuna. Nachungulia chini ya gari, pakavu. Kama yangekuwa yanadondoka ningeona tope. Yalikuwa yanakwenda wapi? Nilianza kumsingizia shetani, na shetani wa watu alikuwa hana habari.

Na wewe unajua maji ya Handeni. Hapa mtu akikupa ndoo ya maji amekupa heshima. Maji mazuri tunayangoja foleni, na karibu na nyumba kuna kisima kimoja cha pampu ambacho hakikauki, lakini maji yake ni ya chumvi. Ukipikia maharage, utawasha kuni mpaka ukasirike na maharage hayaivi. Nikamuuliza Sefu, kwa kuwa ndiye fundi wa ukoo: shemeji, naweza kutia rejeta maji ya kile kisima? Akacheka. "Maji ni maji, shemeji. Gari halina ulimi." Nikayatia, mama. Nikayatia safari baada ya safari, na dumu langu la akiba likawa la maji hayo hayo.

Kila Ijumaa akitoka msikitini alikuwa anakuja kufungua boneti, eti kulikagua gari la ukoo. Anainama, anagonga hapa, anagonga pale, anafuta mikono, anatikisa kichwa kama daktari aliyekata tamaa. "Silinda hedi hiyo, shemeji. Injini inakunywa maji yenyewe. Imeshakufa hii, inatembea tu kwa mazoea." Na maneno hayo hakuyaacha kwangu, aliyapeleka kwa kila jamaa mwenye masikio. Siku moja nikavutwa kwa kamba kutoka njiani hadi hapa mjini, na watu wakatoka madukani kutazama. Jioni Baba Mkubwa Athumani akaja na fimbo yake. Akaizunguka pikapu, akakaa, akanywa chai yangu, kisha akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniogopesha: "Mwanangu Nyamizi, ikivutwa tena kwa kamba, tutakaa kikao."

Sikulala vizuri baada ya hapo. Bila gari ningewalisha nini watoto? Ningerudi kwako Sikonge na mabegi, na Sefu angekaa mlangoni pangu akihesabu mabati.

Nikaamua kupeleka gari kwa fundi ambaye si wa ukoo. Nikaenda mdogo mdogo hadi Korogwe, nikisimama kulipoza na kulinywesha kama ngamia, mpaka kwa fundi mmoja Msambaa ambaye Ramadhani alikuwa akimwamini. Ni mzee mnene, anazungumza muda wote, mikono ikifanya kazi na mdomo ukifanya yake. Hata kabla hajafungua boneti aliniambia pole ya msiba, akasema marehemu alikuwa mtu wa kunywa naye kahawa. Kisha akasema, "Haya, tulikamate jambazi."

Mama, nimejifunza vitu vya ajabu siku ile. Alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakipitisha kidoleni. Akaniambia kama maji yangekuwa yanaingia kwenye injini, oili ingekuwa imegeuka kama chai ya maziwa. Ilikuwa nyeusi safi. Akaniambia nipige moto, akaenda nyuma kutazama moshi. Hakuna moshi mweupe. "Aliyekwambia silinda hedi ni nani?" Nikasema shemeji yangu. Akasema, "Shemeji yako aombe radhi kwa hii injini."

Akapapasa mipira yote ya maji, mikavu. Wota pampu, kavu. Akaliacha gari lingurume mpaka likapata joto, kisha akaushika ule mpira mnene wa juu unaoingia kwenye rejeta, akauminya. Ukaingia ndani kama embe bovu. Akasema hapo gari likiwa la moto mpira huo unatakiwa ujae, uwe mgumu, kwa sababu maji yamefungiwa ndani na yanasukuma. Huu hausukumwi na kitu. Akanionyesha ile chupa ndogo ya akiba pembeni, maji yalikuwa yanabubujika humo na kumwagikia nje taratibu juu ya chuma cha moto, yanakauka kabla ya kufika chini. Ndiyo maana sikuona tope.

Tukasubiri lipoe kabisa. Hakuniruhusu kugusa mfuniko wa rejeta likiwa la moto, alisema amewahi kuona uso wa mtu ukibabuka. Lilipopoa akaufungua, akaupindua kiganjani, akausogeza kwenye mwanga. Springi ilikuwa imelegea kama mpira wa soksi kuukuu. Na ule mpira mweusi wa chini unaoziba ulikuwa umechanjwa. Haukupasuka kwa uzee, mama. Ulichanjwa kwa wembe, mstari ulionyooka.

Mimi nilikuwa nimeona kitu kingine. Ule haukuwa mfuniko wetu.

Wewe hukujua hili, kwa hiyo nikueleze. Ramadhani alikuwa na wasiwasi na wezi wa vifaa. Siku moja alichukua rangi yangu ya kucha, ile nyekundu niliyopaka siku ya harusi yetu, akaweka alama kwenye kila kitu kinachofunguka kwenye gari: betri, nati za magurudumu, mfuniko wa rejeta. Kwenye mfuniko alipaka mstari mmoja mnene katikati. Baba Mkubwa alikuwepo, akamcheka mpaka akakohoa: "Mwanamume mzima anampaka gari kucha!" Ramadhani naye akasema, "Baba, na huyu ni mke wangu wa pili." Nilimnunia wiki nzima kwa kumaliza rangi yangu.

Mfuniko alioshika fundi haukuwa na tone la rangi. Mara zote nilizoufungua njiani nilikuwa nawaza maji tu, sikuutazama.

Fundi akaifungulia rejeta chini, yakatoka maji ya rangi ya matofali. Akayaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. "Mama, umelinywesha gari maji ya chumvi ya Handeni? Haya hayaui leo. Yanakula rejeta kutoka ndani, kidogo kidogo, mpaka siku moja inakuwa chekeche." Akaiosha mpaka yakatoka meupe, akatia maji yenye dawa yake, yale ya kijani. Akanipa mfuniko wa kuazima aliouchopoa kwenye gari bovu, na ule uliochanjwa nikaufunga kwenye pindo la kanga. Nilirudi Handeni bila kusimama popote, mshale umelala katikati kama mtoto aliyeshiba. Njia nzima nililia, Mama. Nililia kwa hasira, na hasira inapendeza ikipata jina la mtu.

Ijumaa ile Sefu hakuja kukagua. Alikuwa kwenye maandalizi ya harusi yake. Anaoa mke Kwamndolwa, kule Korogwe, na alikuwa anakiosha kile kigari chake uani kwa Baba Mkubwa. Kumbuka, kabla ya kufiwa kwangu, kigari hicho ndicho kilichokuwa kinachemsha mpaka abiria walikiita birika. Kisha kikapona, ghafla, pikapu yangu ilipoanza kuugua. Nikapita kama naazima kinu. Boneti ilikuwa wazi. Pale juu ya rejeta, mama, kucha yangu ya harusi ilikuwa inanitazama.

Nikachukua kinu, nikaenda zangu.

Utaniuliza kwa nini sikupiga kelele pale pale. Angekana. Angesema rangi ni rangi, angeifuta kwa petroli, na wazee wangesema mjane ana maneno mengi. Kikao ni cha ukoo wao na mimi pale ni mgeni. Lakini kuna mahali pamoja ambapo Mzigua hawezi kumziba Mnyamwezi mdomo, na ulinifundisha wewe. Mimi kabla ya kuwa mke wao ni mtani wao. Mtani akiingia kaburini hatoki mpaka aridhishwe. Mtani akikukalia njia, huruhusiwi kununa. Nikaingoja harusi kwa hamu kuliko bibi harusi.

Asubuhi ya harusi msafara ukapangwa hapa Handeni. Mbele kigari cha bwana harusi kimefungwa maua, ndani yake Sefu na Baba Mkubwa. Nyuma mimi na pikapu yangu, nimewabeba wanawake, masufuria na sanduku la bibi harusi, na mama mkwe wangu kando yangu. Sefu alikuwa amevaa kanzu nyeupe inayoumiza macho. Anataka kuingia garini, nikatandika kanga yangu juu ya boneti, nikapanda, nikalala chali.

Watu wakaangua kicheko, vigelegele vikapigwa. Wote wakajua mtani ameanza kazi.

"Shemeji, acha utani bwana, tunachelewa," akasema.

"Kumbe unajua ni utani? Basi huna ruhusa ya kukasirika." Nikapaza sauti. "Enyi Wazigua! Babu zangu walipita hapa na mizigo ya pembe kwenda pwani, wakawakuta mnaoga kwa kujipangusa umande. Wakawapa nguo, wakawapa adabu. Leo mjukuu wao mnamwibia! Bwana harusi amemeza kitu changu. Sishuki mpaka akitapike. Mwizi wa wajane, mnafiki wa Ijumaa, unasujudu kisha unakwenda kuchanja mpira kwa wembe!"

Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Sefu naye alicheka, maana alilazimika, lakini meno yake yalikuwa makavu. Nikashuka, nikamwambia afungue boneti. Akasema ufunguo uko mbali. Nikamwambia ufunguo huo anao mkononi. Mama mkwe akadakia kutoka kwenye pikapu, "Mfungulie mtani wako, mwanangu, au umeficha pombe humo?"

Ikafunguliwa. Nilinyoosha kidole tu kwenye mstari mwekundu, kisha nikafungua pindo la kanga nikauweka ule mfuniko uliochanjwa kwenye kiganja cha Baba Mkubwa. Mzee akautazama. Akautazama ule mwekundu. Nikaona kicheko kinamtoka usoni polepole, kama maji yanavyoisha kwenye mchanga. Aliikumbuka ile siku.

"Sefu," akasema, "mrudishie mke wa kaka yako kitu chake. Kwa mkono wako. Na hiki chako ukivae wewe."

Akainama na ile kanzu. Magari yote mawili yalikuwa ya baridi, lakini alifungua kwa pupa, maji ya kutu yakaruka yakamchora tumboni doa la ukubwa wa sahani. Akaja kwenye pikapu yangu, akaufunga mfuniko wa Ramadhani mahali pake, mbele ya harusi nzima, watu wakipiga makofi kwa sababu wengi walidhani bado ni mchezo. Ule wa kuazima wa fundi, mzima kabisa, nikauchukua nikaufunga pindoni. Ndiyo, Mama. Ningeweza kumpa. Sikumpa.

Tukaondoka. Jua lilikuwa kali, kigari kimejaa watu na mashada. Tulikuwa tumeshapita mashamba ya mkonge, tumekaribia Korogwe, nikaona mvuke unapanda mbele yetu. Nikasimamisha pikapu kando yao. Sefu alikuwa amesimama barabarani na lile doa lake, koti begani, jasho linamtiririka hadi kwenye ndevu alizochonga jana yake.

"Shemeji, una maji?"

Nikashuka. Nikainama kwenye boneti yake, nikagonga hapa, nikagonga pale, nikafuta mikono, nikatikisa kichwa.

"Silinda hedi hiyo, shemeji. Imeshakufa hii. Gari likifa ni chuma cha ukoo."

Hakuna aliyecheka sasa. Baba Mkubwa akatoka kwenye kigari kwa shida, akajikokota na fimbo yake hadi kwenye pikapu, akamwomba mama mkwe asogee, akakaa mbele. Akafunga mlango. Kisha akatoa kichwa dirishani, akasema kwa sauti ambayo wanawake wote nyuma waliisikia: "Lile neno langu la arobaini nimelifuta. Gari hili ni la Nyamizi, likitembea na lisipotembea. Atakayelishika, amenishika mimi ndevu."

Mama, nilishika usukani kwa mikono miwili ili nisipige kigelegele mwenyewe.

Akabaki Sefu barabarani. Huko Kwamndolwa shehe anangoja, wakwe wanangoja. Akaja dirishani kwangu, sauti imekwenda chini kabisa. "Shemeji, naomba nipande."

Nikamtazama tu. Nikawa natazama kama mtu aliyesahau kitu na anajaribu kukikumbuka. Mama mkwe akakohoa. Sefu akaelewa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, baba. Panda nyuma, kalia sufuria la pilau."

Basi bwana harusi aliingia Kwamndolwa katikati ya masufuria, juu ya gari alilolizika likiwa bado linapumua. Bibi harusi ni binti mzuri mpole, sina ugomvi naye. Nilimbeba yeye vilevile kurudi, tena mbele, na mto wa kukalia nikampa.

Najua utasema nini. Utasema yametosha, nimeshinda, nifungue moyo. Moyo nitaufungua ukipoa, Mama. Fundi alinionya nisifungue kitu kikiwa cha moto.

Nisalimie shangazi anayekusukia mikeka, mwambie ule mkeka mkubwa nitaufuata mwenyewe kwa pikapu. Nisalimie mjomba wetu mfuga nyuki, namwomba dumu la asali, lakini asiniwekee la mwaka jana. Nisalimie jirani yako aliyenifundisha kuendesha trekta la tumbaku, asingekuwa yeye ningekuwa nasukumwa mpaka leo. Na wewe Mwashi, kama umeruka matusi nitajua, maana Mama hatakuwa amecheka.

Nilitaka kufungia barua hapa, lakini nimepigiwa hodi. Alikuwa Sefu. Ametoa shikamoo yake vizuri, tangu getini. Anasema amenunua mfuniko mpya, sasa anaomba maji ya kujaza rejeta kwa sababu kwake hakuna hata tone. Nikamjazia dumu zima, nikamsaidia na kulibeba hadi kwenye kigari. Akanishukuru sana, akaniuliza kama ni maji mazuri, kwa kuwa anasikia rejeta zinachagua.

Nikamwambia maji ni maji, shemeji, gari halina ulimi.

Nimeyachota kwenye kile kisima kinachokataa maharage.

Mwanao,
Nyamizi